Laini Moja, Nyumba Nne

Jumamosi hiyo mtaa wa maduka ulifurika watu. Verlene, binti wa miaka kumi na sita, alisimama mlangoni pa duka la viatu katika gauni lake la njano, mkononi ana karatasi iliyokatwa kwa umbo la wayo wake. Kwa amri ya Wazungu wenye mji, Weusi hawakuruhusiwa kujaribu viatu mle; walileta karatasi kama hiyo ya kupimia.

"Kitendawili!" sauti ikamjia kutoka nyuma.

Alikuwa Lucius, mvulana mrefu, kofia kaiweka upande.

"Tega," Verlene akasema, akijifanya hana haja.

"Wayo gani huingia dukani ukamwacha mwenyewe nje?"

"Wetu sisi. Wako ulivyo mkubwa, itabidi ukate gazeti zima."

Lucius akacheka hadi akaegemea ukuta.

Tangu siku hiyo simu haikupoa. Laini ilikuwa moja kwa nyumba nne. Jirani akiinua simu yake tu, anasikia yote. Kila mtu alilijua hilo, lakini mapenzi yana usahaulifu wake.

"Umekula, mpenzi?" Verlene akauliza jioni moja.

"Nimekula maharage, nikakukumbuka."

"Yaani mimi na maharage sawa?"

"Maharage hayana jeuri."

"Haya. Eti ni kweli baba yako amekwenda kujiandikisha apige kura? Jamani, shujaa!"

Kwenye waya mtu wa tatu akashusha pumzi, kisha simu ikarudishwa polepole. Alikuwa jirani, Bi Odessa, mpishi wa Mzungu mwenye kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba yake Lucius.

Jumatatu iliyofuata habari zikamfikia mwenye kiwanda, aliyetaka kura iwe ya Wazungu tu, na baba yake Lucius akafukuzwa kiwandani. Jumanne risasi ikavunja dirisha lao. Ijumaa Verlene aliwakuta Lucius na baba yake kituo cha basi, chumba cha weusi, na masanduku yamefungwa kwa kamba.

"Ni mimi niliyewaponza, Lucius. Mdomo wangu."

"Najua."

"Nipige basi! Nitukane!"

"Nikupige kwa lipi? Kwa kumsifu baba yangu?" Akamshika mkono, vidole vyake baridi. "Sina hasira na wewe, mpenzi. Ningekuwa nayo ingenisaidia."

Dereva akamwita baba yake Lucius. Mtu wa miaka arobaini na tano, shemasi, akaitwa "we kijana," akavua kofia, akaenda kuketi nyuma kabisa.

"Huko Kaskazini mwendako ukishapata kazi, utarudi?" Verlene akauliza. "Sema utarudi tu, hata kama ni uongo."

Lucius alimtazama baba yake kupitia kioo cha basi.

"Nirudi wapi, Verlene?"

Akapanda. Verlene alilifuata basi kwa macho mpaka likakata kona.