Kipande cha Samaki

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiherehere alifagia nyuzi chini ya cherehani ya mama yake, kisha akamlisha paka wao, Kifungo. Jina la Kiherehere alipewa na mjomba wake, na hakuna aliyelipinga.

Asubuhi moja bakuli lilibaki tupu. Kifungo alikuwa anapelekwa kwa daktari wa wanyama kufungwa uzazi, na daktari alikuwa amesisitiza asile chochote tangu usiku. Lakini Kifungo alilia, akajisugua miguuni, akalia tena. Kiherehere akamtupia kipande cha samaki.

"Amekula?" daktari aliuliza.

"Hata tonge," mama alijibu.

Kiherehere alinyamaza. Kifungo alipodungwa dawa ya usingizi alitapika, nusura apaliwe. Ikabidi upasuaji uahirishwe.

"Lo, kumbe kaiba samaki!" mama alisema kwa aibu. Kiherehere akaacha paka abebe lawama.

Kabla tarehe mpya haijafika, Kifungo alishika mimba. Akazaa wanne. Walipoanza kutembea, walivuruga nyuzi na kulala juu ya nguo za wateja.

"Shule zikifunguliwa, wawe wamepata kwao," mama alisema. "Banda la daktari limejaa paka waliotelekezwa."

Kiherehere aliwaza paka waliokonda wanaotupwa sokoni, wakilia kwa njaa, akaogopa. Aliposikia kwamba mwoka mikate jirani anasumbuliwa na panya, alimkimbilia.

"Nimeshaamua kununua kwa mfugaji wa paka wa manyoya marefu," mwoka mikate alisema. "Wenu, hapana. Nasikia mama yao aliiba samaki hata siku ya upasuaji. Mama mwizi, watoto je?"

Uso ulimwaka Kiherehere. Alirudi nyumbani, akamshika mama yake mkono, akamvuta hadi kwa mwoka mikate.

"Kifungo hakuiba," alisema huku machozi yakimtoka. "Nilimpa mimi. Nikanyamaza."

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," mama alisema. "Huruma yako ilitaka kumuua, na kimya chako kikamchafulia jina."

"Nisamehe, mama."

Mwoka mikate alijikuna kichwa. "Anayejisema mwenyewe hivi hawezi kuniuzia uongo. Hebu niwaone hao paka."

Alichukua wawili, akawapeleka kuchanjwa. Daktari alifurahi. "Wafugaji wazuri wapo, siwakatai," alimwambia. "Lakini kila wiki naachiwa sanduku la paka getini. Anayemchukua asiye na kwao ananifungulia nafasi bandani." Wateja wa mikate waliwaona wale wawili wakicheza mlangoni, na kabla shule hazijafunguliwa, waliobaki nao walipata kwao.

Siku ya upasuaji ilipofika tena, Kifungo alilia kuanzia alfajiri. Kiherehere alilifunika bakuli, akalikalia.

"Amekula?" daktari aliuliza.

Safari hii Kiherehere aliwahi kujibu. "Hajala. Alilia yeye, nikalia na mimi, lakini hajala."

Daktari alicheka, akampokea paka. "Kumpenda mnyama si kumpa kila anacholilia, mwanangu. Ni kufanya linalomfaa, na ukikosea, useme mapema. Leo mmelia nyote wawili. Basi Kifungo hatazaa wengine wa kulia sokoni."