Wahojiwa wa Ng'wamagulu

Mpimahoja haikuwa na uso. Ilikuwa sauti tu, tulivu, isiyo ya kiume wala ya kike, iliyotoka katika kuta za ukumbi wa Baraza la Maulizo jijini Dodoma. Kila ilichokisema kiliandikwa hapo hapo kwenye kioo kirefu mithili ya mlango wa ghala. Mashine hiyo haikupiga kura wala kutunga sheria. Hayo yalibaki kwa wabunge. Kazi yake ilikuwa kushika uamuzi wowote wa serikali na kuufuata kinyumenyume hadi ulikotoka, utafiti kwa utafiti, takwimu kwa takwimu, ili mwananchi yeyote asimame na kuuliza kwa nini, naye ajibiwe papo hapo. Watu waliipenda kwa sababu haikumwambia mtu njoo kesho.

Dokta Adventina Kaijage alikaa meza ya mbele kama Kamishna wa Uadilifu wa Elimu ya Juu. Kwa kuwa Mpimahoja ilitegemea tafiti za vyuo vikuu, sheria ilitaka msimamizi wa tafiti hizo awepo kila baraza linapokaa. Asubuhi ile, kabla ya kuingia ukumbini, alikuwa ametia saini barua ya kumfukuza mwanafunzi wa uzamili aitwaye Erasto Mlowe. Erasto alikamatwa akiwa ametumia mwandani, mashine ya kuandikia ambayo kila mwanafunzi alikuwa nayo, kutunga majibu ya wagonjwa ambao hakuwahi kuwahoji. Alijitetea kwa sentensi moja. "Nilichoka, dokta." Adventina alimjibu kwamba uchovu si hoja, akasaini, akaomba chai.

Mwulizaji wa nne alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyefunga kitenge kipya juu ya gauni, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Naitwa Milembe Shilinde. Natoka kata ya Ng'wamagulu, huko kwetu kusini mwa ziwa. Kwa miaka kumi na sita tunaomba bweni la wasichana kwenye sekondari yetu. Kila mwaka tunanyimwa. Nimekuja kuuliza kwa nini."

Adventina aliposikia jina la kata aliinua kichwa. Aliishika kalamu, akaiweka.

"Uamuzi umeegemea utafiti mmoja wa shahada ya uzamivu," ilisema Mpimahoja. "Kaya mia nne na kumi na mbili zilihojiwa ana kwa ana. Wazazi saba kati ya kila kumi walisema hawatawaruhusu mabinti zao kulala bwenini. Bweni lingebaki tupu. Hakuna utafiti mwingine wa kupingana na huo. Mzazi mmoja alinukuliwa akisema: 'Ni heri binti yangu asisome kuliko alale nisikokujua.'"

"Hayo maneno nayajua," Bi Milembe alisema. "Tulisomewa na diwani tangu mara ya kwanza tuliponyimwa. Ndiyo yaliyonileta. Nataka kujua nani aliyasema."

"Majina ya wahojiwa hayakuwasilishwa. Mwandishi wa utafiti ni Dokta Adventina Kaijage, aliyepo meza ya mbele."

Ukumbi mzima ukageuka. Bi Milembe naye akageuka, akamtazama bila chuki yoyote, kama mtu aliyetafuta nyumba siku nzima na hatimaye kuonyeshwa mlango.

"Shikamoo, mama," Adventina alisema.

"Marahaba, dokta. Nisaidie. Nani alisema?"

Hapo angeweza kusema kweli. Baadaye aliirudia saa ile akilini mara nyingi, na kila mara aliona kwamba nafasi ilikuwa pana na muda ulimtosha. Badala yake akajiweka sawa kwenye kiti na kusikia sauti yake mwenyewe, ile ya kikamishna, ikisema kwamba siri ya wahojiwa inalindwa kisheria, kwamba mtafiti mwadilifu haitoi hata baada ya miaka mingi, na kwamba anaomba radhi kwa hilo.

Watu wawili watatu walipiga makofi. Bi Milembe akainamisha kichwa.

"Kama ndiyo sheria, sawa. Labda mlipita sisi tukiwa shambani. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji na sikuwaona, lakini dokta hawezi kusema asichokifanya." Akarudisha kipaza sauti, akakaa.

Ukweli ulikuwa kwamba hakuna aliyepita. Miaka kumi na tisa iliyopita, Adventina alikuwa na miaka ishirini na tisa na ruhusa ya kukaa Ng'wamagulu miezi mitatu. Mvua ilikata barabara. Akakaa mjini wiki moja akisubiri, chumba kilikuwa kizuri, na barabara ilipofunguliwa hakwenda. Hakuwa mgonjwa, hakufiwa. Aliona tu kwamba mwandani wake, akimpa sensa ya kata na tafiti za watu wengine, angeweza kumtungia wahojiwa mia nne kwa dakika kumi. Aliwasoma, akawaona wanaaminika kuliko watu halisi. Ile sentensi ya mzazi aliipenda sana, na jopo la watahini liliipenda pia.

Mashine za kunasa kazi za namna hiyo zilikuja baadaye. Ilipopendekezwa kazi za zamani nazo zipitishwe humo, Adventina ndiye aliyesimama kwenye kikao na kusema si busara kufukua ya kale. Wote walikubaliana naye.

Baraza lilipopumzika kwa chakula cha mchana, alimkuta Bi Milembe kantini, peke yake, mbele ya sahani ya ugali na samaki. Hakujua alichomfuatia. Pengine alitaka kusikia kwamba yamekwisha.

"Karibu, dokta, ukae," Bi Milembe alisema, akamsogezea kiti.

"Asante, mama. Pole na safari."

"Nishapoa. Treni zenu za sumaku hizi, unapanda kwetu asubuhi, chai inapopoa umefika." Akamega tonge, hakulila. "Nisamehe kukubana mbele za watu. Si kwamba nilitaka kumshtaki mtu. Nilitaka uniambie kama ni Kalunde."

"Kalunde ni nani?"

"Jirani yangu. Tuliolewa mwaka mmoja, tukajenga ua kwa ua. Tuliposomewa yale maneno, kila mtu alianza kumwangalia mwenzake. Nani alikwenda kusema vile kwa wageni? Kalunde alikuwa mkali kwa mabinti zake, hataki watoke. Mimi ndiye niliyesema ni yeye. Nikalisema kisimani, watu wote wanasikia." Alilirudisha tonge sahanini. "Binti yangu Limi alikuwa amepanga chumba karibu na shule, kwa kuwa bweni hakuna. Akapata mimba kidato cha pili. Nilipomwona amerudi na begi lake, nilikwenda mlangoni kwa Kalunde nikamwambia, haya, furahi. Akaapa hakusema. Hatukusalimiana tena miaka tisa. Amefariki mwaka juzi. Watoto wake walinizuia kuingia msibani."

Adventina aliitazama mikono yake juu ya meza.

"Ndiyo maana nauliza," Bi Milembe alisema. "Kama alisema, nitajua sikumwonea. Kama alisema mwingine, nijue pia. Huwezi kuninong'oneza tu? Simwambii mtu."

"Mama," Adventina alisema, na sauti ile ya kikamishna haikuja. "Twende ndani."

Baraza liliporudi aliomba nafasi kabla ya mwulizaji wa tano. Alisimama pale pale waliposimama wananchi, akashika kipaza sauti, akaona kina joto la mkono wa mtu mwingine.

"Mimi sikufika Ng'wamagulu," alisema. "Sikuhoji kaya hata moja. Wahojiwa wote mia nne na kumi na wawili walitungwa na mwandani, na mimi nikawapokea. Asubuhi nilisema nalinda siri ya watu. Hapakuwa na watu. Maneno yale hakuyasema yeyote."

Mwenyekiti wa baraza alimtaka arudie, akidhani amesikia vibaya. Akarudia, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Nimepokea," ilisema Mpimahoja. "Naufuatilia utafiti huo." Kioo kikaanza kujaa. Utafiti wa Adventina ulikuwa umenukuliwa na watafiti wengine ishirini na sita, nao wakanukuliwa na wengine. Kata moja ikawa kielelezo cha kata zinazofanana nayo. "Maamuzi thelathini na saba yameegemea kazi hii," mashine ilisema. "Kata kumi na moja hazikujengewa mabweni. Sikuwa na njia ya kuwauliza wananchi wenyewe. Niliamini chuo."

Haikuwa lawama. Ilisema kwa sauti ile ile, na Adventina alitamani ingekuwa na hasira.

Bi Milembe alikuwa amesimama bila kuitwa. "Kwa hiyo Kalunde hakusema."

"Hakusema, mama."

"Na mwingine yeyote."

"Hakuna."

Bi Milembe aliketi. Hakulia, wala hakumtazama Adventina tena hadi baraza lilipofungwa na watu wakaanza kutoka. Ndipo alipompitia pale alipokaa.

"Utakuja kwetu uwaambie watoto wake," alisema. "Mimi nikisema hawatanisikia."

Katika wiki mbili zilizofuata Adventina alivuliwa ukamishna, kisha shahada. Barua ya Erasto hakuifuta, kwa kuwa hakuwa tena na mamlaka ya kufuta chochote. Alimwandikia nyingine, ya mkono, na hakujibiwa.

Alifika Ng'wamagulu kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Kutoka kituo cha treni ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, barabara ikiwa kavu na nzuri. Bi Milembe alimwelekeza ua wenyewe, akabaki nje. Nkwimba, binti mkubwa wa Kalunde, alikuwa akianika mchicha. Alimpa mgeni kigoda na kumsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Adventina alieleza yote: chumba cha mjini, mwandani, ile sentensi aliyoipenda. Alipomaliza alisema anaomba msamaha, na neno lilitoka dogo mno.

Nkwimba aliendelea kutandaza majani juu ya mkeka, moja moja, yasigusane.

"Ulikuwa na miaka mingapi ulipoandika hayo?" aliuliza.

"Ishirini na tisa."

"Mimi nilikuwa na kumi na tatu," Nkwimba alisema, akainuka kwenda kumfungulia Bi Milembe mlango wa ua.