Programu Pweke ya Mzee Shekalaghe

Kompyuta ya mezani ilinguruma kidogo, na kidude kilichokaa sikioni mwa Mzee Shekalaghe kikamnong'oneza, "Huyu anayekuletea uji ni Mwantumu, bintiyo."

"Mwantumu wangu!" mzee akachangamka. "Mbona umekonda hivyo?"

Siku hizo mji mzima wa Korogwe uliitegemea Anga, ubongo mkuu uliowanong'oneza wazee waliopotewa na kumbukumbu. Lakini Anga ikikatika, wazee walibaki njiani wakitangatanga, hawajui kwao wapi. Ndipo Mwantumu, fundi wa programu, akaunda programu pweke. Aliandika maagizo, akatia humo kila ambacho babake angehitaji kujua, kisha akaikusanya: mashine ikayageuza maneno yake kuwa faili moja lililofungwa, linalojiendesha lenyewe bila kuiuliza Anga.

Tatizo, aliikusanya ndani ya matanga, machozi hayajakauka, akatia kweli tupu.

"Na mama yako yuko wapi?" mzee akauliza.

Kidude kikawahi kujibu: "Hidaya amefariki. Mmeshamzika."

Kijiko kikamponyoka. Mzee akashika kichwa, akalia kama aliyepata habari leo, na kwake ilikuwa leo, kama jana ilivyokuwa leo. Akavaa kanzu, akatandika mkeka barazani, akangoja watu wa kumpa pole.

Mwanzoni majirani walikuwa wakija. Sasa alikuja Mama Rehani peke yake, naye hakukaa.

"Pole, shemeji," akasema, kisha akamvuta Mwantumu pembeni. "Mwanangu, hebu iambie mashine yako inyamaze. Mtu hafiwi kila asubuhi!"

"Haiambiki, mama. Ikishakusanywa haisikii la mtu. Ni kuandika upya, kukusanya upya."

"Basi andika."

"Niandike uongo?"

"Wewe umeshamaliza kulia, ndiyo maana unauliza."

Mwantumu akakaa kwenye kompyuta. Akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine, kama anayefukua kaburi. Akaikusanya.

Kesho yake mzee akauliza tena. Kidude kikajibu, "Hidaya amekwenda sokoni."

"Ahaa! Huyo akikutana na mashoga zake, mpaka jioni!" Mzee akacheka, akamaliza uji wote.

Jioni akakaa mlangoni, macho njiani. Chakula kilipoletwa akakisukuma.

"Tumsubiri mama yako. Tutakulaje naye yuko njiani?"

Mwantumu akaifunika sahani, akakaa kando yake, wakasubiri.