Mpiga Foto wa Soko la Kasongo

Waridi alikuwa akigeuza vitumbua sokoni Kasongo, asubuhi moja ya mwaka 1956, aliposikia kitu kikilia mbele yake. Kuinua uso, akaona kijana wa shati jeupe lililonyooka, kamera kifuani.

"Wewe, umenipiga foto na moshi huu wote machoni?"

"Nimepiga vitumbua, dada. Wewe ulijiingiza."

"Basi ule foto yako. Vitumbua vyangu hupati."

Lakini alicheka, na kijana akapata viwili.

Aliitwa Sumaili, karani wa duka la nguo. Kila siku alipiga foto moja tu: kinyozi na mteja wake, wanawake wakitwanga sombe, majani ya muhogo, baiskeli iliyopasuka gurudumu. Waridi alimuuliza kwa nini anapoteza filimu hivyo.

"Wazungu wanapiga machifu na ngoma," alisema Sumaili. "Mutu anayekunywa chai yake tu, nani atamupiga?"

Akawa anapita kila asubuhi. Waridi naye akaanza kuja sokoni amejifunga kikwembe cha manjano, hina vidoleni.

"Leo umependeza. Ni kwa ajili yangu?"

"Ni kwa ajili ya vitumbua. Wewe unajiingiza."

Wakati huo kaka yake Waridi, Amisi, alikuwa amejificha kwa mama yao. Alitoroka kijiji cha Wamaza, alikolazimishwa kulima pamba ya serikali. Siku moja Sumaili, akiwa mgeni nyumbani kwao, alimpiga foto Amisi akinywa kahawa kando ya dada yake. Alfajiri moja baadaye Amisi aliondoka bila kuaga, na habari zikaja kutoka Kabambare: Amisi iko buloko, amefungwa.

Soko zima likanong'ona kwamba mpiga foto anafanyia serikali kazi. Waridi alimfuata Sumaili dukani.

"Ulimupa muzungu foto ya ndugu yangu."

"Foto ile bado iko ndani ya kamera, Waridi. Haijaoshwa."

"Nilikupa kiti nyumbani kwetu. Usitaje jina langu tena."

Kesho yake Sumaili hakuonekana, wala siku zilizofuata. "Amekimbia," watu walisema. Waridi aliwaitikia, kisha akageuka asionekane macho. Alimchukia, na kila alipokaanga alitazama njia aliyozoea kupitia.

Jioni moja kamyo ya mizigo kutoka Kabambare ikasimama karibu na nyumba yao. Akashuka Sumaili, vumbi mpaka kwenye nyusi, akampa mkono mtu aliyenyolewa kichwa ili ashuke. Alikuwa Amisi. Mama yao, Mama Faida, alitoka mbio bila viatu, akamshika mwanawe mashavu.

"Hakuna mutu aliyeniuza," Amisi alimwambia dada yake. "Nilikuwa ninaenda kumuona muke wangu. Askari akaniuliza barua ya ruhusa njiani, sina. Huyu amenikuta buloko. Kila siku alileta chakula mulangoni, mpaka kifungo changu kikaisha."

Waridi alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na aibu juu yake. Akamvuta Sumaili kando.

"Kwa nini hukuniambia unaenda?"

"Ulinikataza kutaja jina lako. Ningeanzaje?"

Waridi alifunika uso kwa kikwembe. "Nisamehe, Sumaili. Nilisikiliza watu."

"Nilikusamehe ndani ya kamyo. Kwa njia mbaya ile, mutu anasamehe kila kitu, mradi afike."

Waridi alicheka katikati ya machozi.

"Mupenzi," Sumaili alisema, sauti imeshuka, "nataka kumuleta baba mukubwa aongee na mama yako."

"Mulete Ijumaa. Lakini avae kanzu safi. Mama anaangalia."

Ndani, Mama Faida, ambaye tangu siku ya habari mbaya alikuwa akigusa chakula na kukiacha, alikuwa ameweka ugali na sombe mbele ya Amisi, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye sahani ile ile. Sombe ilikuwa imepoa. Hakuna aliyetaka kuipasha moto.

"Waridi," aliita, mdomo umejaa, "mulete na mugeni wetu ale."