Nyuma ya Pazia la Fundi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilipitia kwenye kibanda cha Baba, mtaa wa pili kutoka nyumbani, kuokota pini. Baba ni fundi cherehani. Nilifunga sumaku kwenye uzi, nikaiburuta sakafuni, na pini zikaja zenyewe. Baba alinitania, "Wewe unavua pini bila chambo." Kisha nilifungua kabati la vitambaa, nikachukua kipande cha chaki yake, na kama nilikuwa nimetoka kuugua, nikachora alama ndani ya mlango. Alama moja kwa kila siku ya homa.

Alama zilikuja tatu tatu. Siku tatu mwili unawaka moto na tumbo linakata kama mkasi, halafu siku ya nne naamka mzima, nina njaa, nataka kuruka kamba. Baada ya wiki nne au tano inarudi. Zahanati walinipima malaria mara kumi na moja. Malaria hakuna. Walinipa dawa hivyo hivyo, na homa ilipoondoka kila mtu akasema, "Umeona? Dawa imefanya kazi." Dawa gani! Homa ile ilijijia yenyewe na kujiondokea yenyewe.

Darasani waliniita Siku Tatu. Homa ilipoangukia mtihani wa hisabati kwa mara ya pili, mwalimu wa darasa alinisimamisha mbele ya wenzangu.

"Hebu niambie, Siku Tatu, hiyo homa yako inasoma ratiba ya mitihani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilirudi nyumbani nikaanza kujiuliza kama kweli najifanya, kama mwili wangu ni mwongo na mimi mwenyewe sijui. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa sijiamini tena.

Baba naye alikuwa na mambo yake. Kila baada ya muda alitundika kipande cha kadibodi kwenye mlango wa kibanda, FUNDI AMESAFIRI, akatoweka siku tatu, nami asubuhi hizo sikupita kibandani. Alisema anafuata vitambaa. Mama, ambaye ni mpishi wa shule ya watoto wadogo na ulimi wake ni mkali kuliko kisu chake, hakuzipenda safari hizo.

"Kila siku unafuata vitambaa, na kitambaa hatukioni! Huko uendako kuna nini, baba watoto?"

Baba aliinama akatafuta viatu vyake.

Siku moja, mchana wa jua kali, nilikimbilia kibandani kuchukua daftari nililosahau jana yake. Kadibodi ilikuwa mlangoni. Nilifungua kwa ufunguo wa akiba alionipa Baba, na nyuma ya pazia la kujaribia nguo nikasikia mtu anagumia. Nilidhani ni mwizi. Nilishika mkasi mkubwa, nikapiga moyo konde, nikavuta pazia.

Alikuwa Baba. Alikuwa amelala juu ya vipande vya vitambaa, amejifunika makoti matatu ya wateja, meno yanagongana. Goti lake moja lilikuwa limevimba.

"Baba! Umerudi lini?"

"Sijaenda popote, mwanangu." Alijaribu kuketi, akashindwa. "Ni homa tu. Ninayo tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Babu yako naye alikuwa nayo. Alijifungia stoo mpaka iishe."

"Babu si alivimba miguu, akafa?"

Baba aliushika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa kinachoma. "Usimwambie mtu, hata mama yako. Watu wakisikia fundi ana ugonjwa usiokwisha, watasema anaambukiza. Nani ataniletea kitambaa chake? Na wewe ukikua watakunyooshea vidole. Apa."

Niliapa. Nilikuwa nimejua sasa homa yangu ilikotoka, na sikuweza kumwambia yeyote. Nilikasirika mno. Mara kumi na moja nimechomwa sindano ya kidoleni, na yeye yupo pembeni, anajua, kimya! Nililia njia nzima mpaka shuleni, na daftari lenyewe nikalisahau tena.

Wiki tano baadaye homa ilinikamata nikiwa mstarini asubuhi. Safari hii tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Hata kupumua kuliniuma. Nilianguka. Mwalimu wa darasa mwenyewe alinibeba mpaka kwenye gari, na hakusema neno juu ya ratiba.

Hospitali kubwa daktari wa upasuaji alinibonyeza tumbo, nikapiga kelele. "Hii inaonekana ni kidole tumbo," akasema. "Picha haiko wazi, lakini kikipasuka ndani ni hatari. Tumpasue leo hii."

Baba na Mama walipofika, muuguzi akaleta fomu ya ruhusa. Mama akamsukumia Baba kalamu. Baba akaichukua. Nililala pale juu ya kitanda chenye magurudumu, mpira wa maji mkononi, nikijua kwamba watakipasua kitu kizima, na baada ya wiki tano homa itarudi, na watatafuta kingine cha kupasua. Nilihisi sina mtu duniani.

Ndipo akaja daktari wa watoto, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alisoma cheti changu taratibu, akaanza kuuliza. Homa imewahi kuja namna hii? Hukaa siku ngapi? Nikamwambia habari za alama zangu za chaki. Akavaa miwani.

"Tatu kila mara? Una uhakika?"

"Nina mlango mzima, daktari."

Akamgeukia Baba. "Mzee, katika ukoo wenu kuna mwingine mwenye homa za namna hii? Fikiri vizuri. Jibu lako linaweza kubadilisha tutakachofanya sasa hivi."

Baba akatikisa kichwa. "Hakuna. Sisi wote ni wazima."

Nilimtazama. Yeye alitazama fomu. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi, na jasho linamtiririka mpaka kwenye kola aliyoishona mwenyewe.

"Baba," nikasema, na kila neno lilinikata tumbo. "Mwambie daktari habari za nyuma ya pazia. Ukinyamaza nasema mimi, nimeapa sijaapa."

Mama akageuka. "Pazia gani?"

Kalamu ikamwanguka Baba. Aliketi chini sakafuni, mtu mzima, akalia. Akasema yote: goti, tumbo, siku tatu, stoo ya Babu, miguu ya Babu iliyovimba mpaka figo zikamuua. Mama akamsogelea.

"Kumbe ulikuwa kibandani? Miaka yote hii mimi nadhani una nyumba nyingine, kumbe unakufa peke yako hapo mtaa wa pili!" Sikujua kama atampiga au atamkumbatia. Alimkumbatia.

Madaktari wawili wakazungumza kando. Wakaamua kusubiri saa chache, warudie damu na picha, na daktari wa watoto akavuta kiti akakaa karibu nami. Picha ya pili ilionyesha kidole tumbo kizima. Siku ya nne niliamka nikaomba chakula.

Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi. Ni homa ya vipindi ya kurithi. Hutembea ndani ya ukoo, na katika eneo hili alikwishapata familia kadhaa zilizo nayo. Haiambukizi. Haiponi kabisa, lakini kuna kidonge cha kila siku kinachoizuia na kuzilinda figo. Baba naye alipimwa. Mkojo wake ulionyesha kwamba figo zimeanza kuumia.

"Umechelewa, mzee, ila hujachelewa kabisa," daktari alimwambia. "Ugonjwa wa kurithi hauna mwenye kosa. Kosa ni kumnyima daktari habari. Leo tulikaribia kumpasua mtoto kwa sababu ya aibu yako."

Jumamosi iliyofuata nilikuta kadibodi imeondolewa mlangoni. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati, ameshika chaki ya buluu. Daktari alikuwa amemwomba aandike siku za homa anazozikumbuka, naye alikuwa anachora alama zake kando ya zangu nyeupe, tatu tatu, kutoka juu mpaka chini. Mlango ukaisha.

"Na hapa," akasema, "sijafika hata ulipozaliwa."

Nilichukua sumaku yangu.

"Nisikilize, mwanangu. Homa umeirithi kwangu, na hilo sikuwa na uwezo nalo. Lakini kujificha usinirithi. Ukiumwa, sema. Ukiulizwa, sema kweli yote."

"Sawa, Baba. Umemeza kidonge?"

Akasimama akaenda kutafuta maji.