Karatasi ya Mazishi ya Babu

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa naanika kahawa kwenye mkeka huku Tata, yaani baba yangu, akivaa viatu. Siku ile ya kliniki yake ya kisukari viatu vilikataa. Alisukuma mguu, akasukuma tena, kisha akacheka kicheko cha kujilazimisha.

"Evodia, niletee kandambili."

Mimi sikucheka. Wiki iliyotangulia, nikitafuta cheti changu cha ubatizo kwenye kopo la bibi, nilikuta kibali cha mazishi cha babu. Sababu ya kifo: kisukari, figo kushindwa kufanya kazi. Jamani! Nyumbani tulijua babu alivimba miguu kwa kukanyaga dawa ya uchawi iliyofukiwa kibanjani, yaani kwenye shamba letu la migomba, na jirani yetu, mzee Buberwa. Tangu msiba ule hatukumsalimia.

"Rudisha!" bibi alinikemea. "Ugonjwa ukitajwa unaitwa."

Niliirudisha karatasi ile. Lakini asubuhi ile niliitoa tena, nikaikunja ndani ya daftari, nikamsindikiza Tata hadi Kamachumu.

Kliniki ilijaa. Nesi Jovina alisema vipimo vya mkojo vimebaki vichache, kwa hiyo angeanza na wenye kisukari ambao ndugu zao waliugua figo. Wengine warudi baada ya miezi mitatu.

"Mzee Kahangwa, kwenu kuna aliyeugua figo?"

"Hakuna," Tata akajibu, akificha miguu chini ya benchi. "Baba yangu alikanyaga dawa."

Nesi akaanza kuandika. Miezi mitatu! Nikisema, nitamwaibisha Tata mbele za watu. Nikinyamaza, nitamzika kama alivyozikwa babu.

"Tata, nisamehe," nikasema, nikaiweka karatasi mezani.

Alinikazia macho. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Naogopa utakufa!" Nikaangua kilio.

Nesi aliisoma polepole kwa sauti ya chini. Tata akainamisha kichwa. Kisha akatoka, akarudi na kichupa cha mkojo, tukasubiri majibu.

"Protini imeonekana kwenye mkojo," nesi akasema. "Figo zimeanza kuchoka, ila hazijashindwa. Tutakuanzishia dawa, na chumvi upunguze. Ungengoja hadi uvimbe mwili mzima, tungekuwa tumechelewa."

Kisha akanigeukia. "Si kila mwenye kisukari huugua figo, mwanangu. Lakini hatari hiyo inaweza kurithiwa katika ukoo. Ndiyo maana tunauliza. Ukweli wa nyumbani ukifichwa, daktari anatibu gizani."

Tukashika njia ya kurudi nyumbani. Tulipofika kwa mzee Buberwa, Tata akasimama.

"Nilidhani baba aliniachia kibanja tu," akasema. "Kumbe na ugonjwa huu; mzee wa watu hakutufanyia lolote. Na wewe ukikua, uwe unapima. Usione haya."

Kisha akapiga hodi kwenye mlango ambao hatukuwa tumeugonga kwa miaka sita.