Mama Mkwe Kimya Tangu Jana

Maiti alikutwa kitandani ndani ya basi, shuka limevutwa hadi kidevuni, uso umetulia. Basi lilikuwa limeegeshwa uani kwake. Viti vilishang'olewa siku nyingi, na mahali pake pakawekwa jiko, sinki, kabati na kitanda cha watu wawili. Marehemu, dereva mstaafu wa mabasi, alikuwa amemaliza kuligeuza gari-nyumba, akalala humo peke yake kwa majaribio kabla ya kuanza safari na mkewe.

"Gesi ya sumu kutoka kwenye hita," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti, akivua glavu. "Haina harufu wala rangi. Bomba la kutolea moshi limezibwa na tambara."

"Limejiziba lenyewe?"

"Tambara halina miguu, Inspekta."

Koplo alikuwa na mshukiwa tayari. Koplo huwa na mshukiwa kabla hata ya kushuka garini. Safari hii alikuwa mama mkwe wa marehemu, bibi aliyemkuta maiti alipompelekea chai asubuhi. Wiki nzima majirani walimsikia akisema, "Hilo gari litakuja kukuzika." Na katika daftari la marehemu, ukurasa wa mwisho, koplo aliona maneno haya: *Mama mkwe kimya tangu jana. Si kawaida yake. Kesho nimuulize fundi.*

"Walinuniana, afande," alisema koplo.

"Sasa fundi anaingiaje kwenye ugomvi wa mtu na mkwewe?"

Koplo alimkabidhi daftari, akatoka nje.

Nje, bibi alikuwa ameketishwa garini mwa polisi, mikono mapajani. Binti yake, mjane wa saa tatu tu, alimpa mgongo.

"Mwanangu, ningekuwa na nia mbaya, chai ningempelekea ya nini?"

Koplo alimpeleka bibi kituoni, naye binti hakugeuka kutazama. Inspekta aliumia. Maiti alishawazoea, lakini mtoto kumkana mama yake asubuhi kweupe ni jambo ambalo hakuwahi kulizoea.

Alirudi ndani, akaketi kwenye kiti cha dereva. Dashibodi ilikuwa na swichi nyingi kuliko chumba cha rubani, na kila moja ilibandikwa karatasi yenye jina, kwa mwandiko wa marehemu. Redio iliitwa *Mbea*. Pampu ya maji iliitwa *Mvivu*. Hita, *Blanketi*. Honi, *Mkorofi*. Inspekta alijikuta akitabasamu. Mtu huyu angependeza kusafiri naye.

Kati ya saa na redio palikuwa na kidude cha kijivu, duara, ukubwa wa kifuniko cha soda, chenye vitundu vidogo. Hakikuwa na taa wala jina. Chini yake palibaki gundi ya karatasi iliyokwanguliwa.

"Hiki nini?"

"Kinasa sauti, afande," alisema koplo, aliyekuwa amerudi.

Inspekta alimtumia picha fundi wa karakana ya polisi. Jibu likaja: kizibo cha tundu la kiberiti cha sigara. Kizibo gani chenye vitundu? Wote wawili walikuwa wanabahatisha.

Alilifungua tena daftari. *Mama mkwe kimya tangu jana.* Akayatazama yale majina. *Mbea, Mvivu, Blanketi, Mkorofi.* Hapa palikuwa na kifaa kisicho na jina. Na daftarini palikuwa na jina lisilo na kifaa!

"Koplo, nani hupiga kelele nyumbani jambo likienda kombo, hata wengine wakiwa wamelala?"

"Mama mkwe," alisema koplo, kisha akafumba mdomo.

"Niletee fundi aliyelijenga basi hili. Na bisibisi."

Fundi aliitwa Spana, rafiki wa marehemu kwa miaka mingi. Alifika macho mekundu kwa kulia, na kilio chake hakikuwa cha uongo.

"Gari hili umelijenga wewe?"

"Kila skrubu, afande."

"Hiki ni nini?"

Spana alikitazama muda mfupi mno. "Sikijui. Labda alikiweka mwenyewe."

"Alikuwa anajua umeme?"

"Yeye? Kubadilisha balbu tu kulimshinda."

"Basi tukitazame pamoja."

Inspekta alifungua skrubu nne, akauvuta ubao wa dashibodi. Nyuma yake nyaya zilipita kwa adabu, na kila kiungo kilizungushiwa tepu mara tatu, ncha imekunjwa ili ibanduke kirahisi siku ya matengenezo. Viungo vyote vilikuwa hivyo. Nyaya za kidude zilikuwa zimekatwa, na miisho yake imezungushiwa tepu mara tatu, ncha imekunjwa.

"Muuaji wa kawaida angekata akaondoka," alisema Inspekta. "Huyu alikata, halafu akaogopa waya usije ukaleta shoti. Mazoea yana taabu, Spana."

Inspekta alibandua tepu, akaunganisha waya kwa waya. Kidude kikapiga ukelele mkali, majirani wakachungulia ukutani, koplo akaziba masikio. Kilikuwa king'ora cha gesi ya sumu, kinachojijaribu sauti kila kinapopata umeme.

"Mama mkwe amesema," alisema Inspekta.

Spana aliketi sakafuni.

"Miaka saba, afande. Kila Jumapili tulikuwa humu tukilijenga. Tulisema tutazunguka nchi nzima, mimi na yeye, wazee wawili wapumbavu. Juzi akaniambia anakwenda na mkewe. Akanishukuru. Akanipa mkono kama mteja." Alifuta pua kwa kiganja. "Nilitaka augue tu, safari ife."

"Anayetaka mtu augue hazimi king'ora."

"Ndiyo. Nilitaka afe."

"Na karatasi?"

"Niliikwangua. Lile jina lilikuwa linanitazama."

"Nyaya je, kwa nini ulizifunga?"

Spana aliinua uso, kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Waya hauachwi uchi."

Koplo alimtia pingu.

Inspekta alimchukua mjane hadi kituoni. Njiani alilisoma daftari kurudi nyuma, kazi ambayo koplo aliona haina maana. Bibi alikuwa bado kwenye benchi. Binti alisimama mlangoni, hana pa kuanzia.

Inspekta akawasomea wote wawili: *Leo tumefunga mlinzi wa gesi. Nimempa jina la mama mkwe. Enzi za basi nilikuwa narudi usiku wa manane, mke na watoto wote wamelala. Yeye tu ndiye alikuwa halali mpaka asikie nimefunga mlango.*

Bibi alijifunika uso kwa kanga.

"Jana nililala," alisema. "Nilijua yuko uani tu."

Binti alipiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Twende nyumbani."